Kutoka kruza kwenda spoti: krediti zote hazihamishiki

Mitihani ya katikati ya muhula imepita salama, theluji imesalimu amri, na pikipiki zimeanza kutoka kwenye magereji zilimolala tangu Novemba. Zikitoka tu, linatoka na lile swali la kila mwaka: "Kaka, nataka kuuza kruza yangu ninunue spoti, unasemaje?" Mwaka huu nimeshaulizwa na watu wanne, maana wengi wanajua mimi mwenyewe nilihama miaka miwili iliyopita. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye ngazi za maktaba, kwa hiyo leo najibu wote kwa mpigo.

Jibu langu ni hili. Hama ukitaka, raha ipo na sitakudanganya kwamba haipo. Ila usihame ukidhani unapandishwa cheo. Kutoka kruza kwenda spoti ni sawa na kuhama kitivo. Mwenzetu akitoka Sheria kwenda Uhandisi, ofisi ya usajili inakaa na matokeo yake, inamwambia krediti hizi tunazichukua, hizi pole, rudia kuanzia mwaka wa kwanza. Kwenye pikipiki hakuna ofisi ya usajili. Muuzaji anakupa ufunguo kana kwamba krediti zako zote zimekubaliwa, na zile ambazo hazikukubaliwa unakuja kuzijua kwenye kona.

Kwa wasomaji wa nyumbani, nieleze kidogo. Kruza ni zile pikipiki za kwenye sinema za Kimarekani: kiti kiko chini, miguu inanyooka mbele, mikono iko juu kama umekaa kwenye kiti cha uvivu barazani, na mlio wake ni wa kudunda taratibu. Spoti ni zile zilizovishwa plastiki mwili mzima, dereva ameinama juu ya tanki, miguu imekunjwa nyuma, na mlio ni wa kupiga kelele. Boxer ya bodaboda wa Dar iko katikati, pale mtu anakaa wima tu kama anayesubiri chai.

Sasa hapa Milwaukee kruza siyo pikipiki tu. Harley-Davidson ilianzishwa mji huu mwaka 1903, makao yake makuu yako hapa hapa, na tangu 2008 ina makumbusho yake. Kuacha kruza ukanunua spoti ya Kijapani ni kama mtu wa Msimbazi kuonekana Kariakoo na jezi ya Jangwani! Mimi nilipohama, mzee mmoja mlinzi wa usiku chuoni, mwenye Harley ya miaka mingi, aliizunguka pikipiki yangu mara mbili halafu akaniuliza kama cherehani hiyo inashona na suruali.

Nilicheka, lakini siungi mkono dharau hiyo. Hata hapa Wisconsin watu walishajaribu kuzioanisha hizi mbili. Kampuni ya Buell, pale East Troy, mwendo wa chini ya saa moja kutoka hapa, ilitengeneza pikipiki za spoti kwa injini za Harley mpaka Harley wenyewe walipoifunga mwaka 2009. Na tangu 2020 mashindano ya MotoAmerica yana mbio za kruza kubwa za safari, zile zenye masanduku pembeni, zinalazwa kwenye kona mpaka unafunga macho. Kwa hiyo wanaosema kruza ni za wazee na spoti ni za wanaume, au kinyume chake, hao tuwaache na ushabiki wao. Mimi nazungumzia kujifunza.

Nianze na uongo mmoja unaowaponza wengi, nao ni uongo wa cc. Dogo mmoja wa Kisumu, mwaka wa pili hapa chuoni, ana Kawasaki Vulcan 900 na ameiendesha misimu mitatu bila kuanguka. Sasa anaitaka Yamaha R6. Hoja yake aliipanga vizuri kama wakili: "Kaka, mimi natoka 900 nashuka 600. Nashuka! Shida iko wapi?"

Shida iko hapa. Ile Vulcan ya cc 903 inatoa nguvu ya farasi karibu 50. R6 ya cc 599 inatoa zaidi ya 110, na ni nyepesi kuliko Vulcan kwa kilo zaidi ya 80. Yaani dogo anaposema anashuka, anapanda zaidi ya mara mbili, juu ya kitu chepesi zaidi. Cc inakuambia silinda zina ujazo gani. Haikuambii injini inazunguka kasi kiasi gani wala imetengenezwa kwa kazi gani. Injini ya kruza imepangwa ivute kwa nguvu ikiwa bado chini, ukiigusa inakwenda, halafu inachoka mapema. Injini ya R6 chini imelala kabisa, unaweza kuidharau. Ikivuka mizunguko elfu kumi kwa dakika ndipo inaamka, na ikiamka haikuulizi kama uko tayari. (R6 yenyewe tangu 2021 haiuzwi mpya hapa Marekani kwa matumizi ya barabarani, inauzwa ya kiwanja cha mbio tu. Lakini za mitumba zimejaa, na mwanafunzi ndiye mteja wa mitumba.)

Haya, tuje kwenye krediti zenyewe. Zipo zinazohama, tena nzito. Kusoma barabara kunahama. Kumtazama dereva wa gari linalotoka mbele na kutaka kukata kushoto mbele yako, ukajua kabla yake kwamba hajakuona, hiyo inahama. Klachi na gia zinahama. Tabia ya kuvaa koti, glavu na buti hata jua likiwa kali inahama. Kujua kwamba mwezi wa nne hapa kona zote bado zina mchanga na chumvi ya msimu wa baridi, hiyo nayo inahama, na itakuokoa zaidi kwenye spoti kuliko kwenye kruza.

Zisizohama ni nne, na nitazisema moja moja kwa sababu hapa ndipo mambo yalipo.

Kwanza ni mwili. Kwenye kruza unakaa, uzito uko kwenye makalio na mgongo. Kwenye spoti ukikaa hivyo hivyo uzito wote unakwenda kwenye viganja, na baada ya nusu saa unalaani siku uliyoinunua. Inabidi ujifunze kulibana tanki kwa magoti na kujishikilia kwa tumbo na mapaja, mikono iwe milegevu. Siyo habari ya starehe tu. Mikono iliyokaza inaivuruga pikipiki, kila tundu la barabarani linapita mikononi na kuingia kwenye usukani.

Pili ni kukata kona. Pikipiki yoyote ikiwa kwenye mwendo, ukisukuma mkono wa kushoto inalala kushoto, ukisukuma wa kulia inalala kulia. Sheria ni moja kwa zote. Lakini usukani wa kruza ni mpana, unasukuma bila kujua, na mtu anaweza kuendesha miaka mitano akiamini anageuka kwa kuegemea. Kwenye spoti usukani ni mfupi na pikipiki inajibu haraka. Asiyejua anachokifanya, siku akiingia kwenye kona kwa mwendo uliozidi atakaza mikono na kwenda moja kwa moja mpaka shambani kwa mtu.

Tatu ni breki. Kruza ni ndefu na uzito wake mwingi uko nyuma, ndiyo maana watu wake wamezoea kuikanyaga breki ya nyuma kama ya gari. Kwenye spoti uzito unarukia mbele mara tu unapopunguza mwendo, na kazi karibu yote inafanywa na breki ya mbele, kwa vidole viwili tu. Ni breki nzuri mno. Tatizo ni mkono uliozoea kuminya kwa nguvu zote ili chuma cha kilo mia tatu na kitu kisimame. Mkono ule ule kwenye spoti isiyo na ABS unafunga tairi la mbele, na hapo umeshalala chini.

Nne, na kwangu mimi hii ndiyo mbaya kuliko zote, ni kuhisi mwendo. Kruza ni rafiki mkweli. Ukifika maili 70 kwa saa, ambayo ndiyo ruhusa ya juu kabisa kwenye barabara kuu za Wisconsin tangu 2015, upepo unakupiga kifuani, mikono inavutwa, kila kitu kinakuambia bwana, unakimbia. Spoti inakuficha. Umeinama nyuma ya kioo, injini inaimba bila kulalamika, na maili 90 inakuja kama 60. Miaka yako yote ya kruza ulikuwa unapima mwendo kwa kifua chako. Kipimo hicho huku hakisomi.

Umeona sasa? Mgeni kabisa anajua kwamba hajui, kwa hiyo anaogopa, na woga wake unamlinda. Anayetoka kruza ana misimu mitatu ya kujiamini, na kujiamini kwenyewe ni kwa haki, amekusotea. Ila amekusotea kwenye kitivo kingine.

Ndiyo maana mimi nilihama kwa njia ambayo wengi waliicheka. Nilikuwa na Honda Rebel 500, ambayo ni kruza. Nikaiuza, nikanunua Honda CBR500R iliyotumika, ambayo ina umbo la spoti. Wasiojua wakasema nimetoka mia tano nimeingia mia tano, nimefanya nini sasa? Injini ni ile ile, cc 471, silinda mbili, nguvu ya farasi isiyofika 50. Uzito karibu ule ule, kama kilo 190. Lakini kiti cha Rebel kiko sentimita 69 kutoka chini, cha CBR 78 na nusu. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma Rebel ina sentimita 149, CBR 141. Miguu ikarudi nyuma, kifua kikashuka. Moyo ule ule, mwili mwingine, na niwaambie ukweli, wiki ya kwanza nilikuwa kama sijawahi kupanda pikipiki. Jumapili asubuhi maegesho ya chuo yakiwa matupu nilikuwa nazunguka pale na kufunga breki, nazunguka na kufunga breki, kama mwanafunzi wa leseni. Mwezi mzima. Kama injini ile ile ilinitaka mwezi mzima, jamani, mwenye kubadilisha mwili NA injini kwa siku moja anajitakia nini?

Mnaopenda takwimu, zipo. Mwaka 2007 taasisi ya IIHS, ambayo inagharamiwa na makampuni ya bima ya hapa, ilitoa hesabu ya vifo vya madereva wa pikipiki kwa mwaka 2005. Kwa kila pikipiki 10,000 zilizosajiliwa, kundi la kruza na zile za kawaida lilikuwa na vifo 5.7. Spoti zile kali kabisa, jamii ya R6, zilikuwa na vifo 22.5. Spoti za kiasi zilikuwa katikati, 10.7. Tazama vizuri hiyo ya katikati, maana watu huwa wanairuka.

Najua pingamizi linalokuja, nililisikia mpaka kwenye darasa la takwimu: pikipiki haiui, spoti zinanunuliwa na vijana na vijana ndio wenye wazimu. Ni kweli kiasi, umri umo ndani ya hesabu ile. Basi tutazame mahali ambapo karibu wote ni vijana, tena wenye nidhamu kuliko sisi. Kuanzia Novemba 2007 hadi Oktoba 2008, askari 25 wa kikosi cha Marine cha Marekani walikufa kwa ajali za pikipiki. Wote isipokuwa mmoja walikuwa juu ya spoti. Katika muda huo huo, waliouawa vitani Iraq walikuwa 20. Wakubwa wao hawakusema vijana ni wazimu wakaishia hapo. Waliweka kozi ya peke yake kwa wenye spoti. Yaani jeshi lilikubali kwamba kujua pikipiki siyo kujua spoti. Kama Marine anarudishwa darasani, wewe na mimi ni nani?

Wenzetu wa Ulaya wameliweka hili kwenye sheria. Tangu 2013 kijana wa nchi za Umoja wa Ulaya anaweza kupata leseni ya A2 akiwa na miaka 18, lakini pikipiki yake haivuki kilowati 35, ambazo ni kama nguvu ya farasi 47. Anakaa hapo miaka miwili ndipo apande. Hapa Wisconsin leseni ya pikipiki ni moja. Ukiipata Jumatatu, Jumanne unaweza kununua ya farasi 200, na kama umetimiza miaka 18 na leseni yako ni kamili, hata helmeti hulazimishwi. Watu wa hapa wanauita uhuru, na ni nchi yao. Mimi naona kwamba mahali serikali imekataa kuwa ofisi ya usajili, inabidi uwe ofisi yako mwenyewe. Jiwekee A2 yako.

Na sisi tuliotoka mbali tuna hesabu nyingine ambayo Mmarekani hana. Kila Mtanzania aliyekaa Marekani zaidi ya mwaka ameshachangia kusafirisha mwili. Unajua ile simu ya usiku, unajua orodha ya majina na dola ishirini ishirini, unajua yule mama kijijini anayeuliza kwa nini inachukua wiki mbili. Mama yangu yuko Moshi, na kwake pikipiki maana yake ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili, alikokaa mjomba wangu miezi miwili baada ya kugongwa kwenye bodaboda. Nilipomwambia nimebadilisha pikipiki aliuliza swali moja tu: "Baba, hiyo mpya ni ile ya kukaa au ile ya kuinama kama mwizi?" Nikamwambia ya kuinama, mama. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi uiname na kusali." Sina ada ya mdogo wangu mahali pengine isipokuwa kwenye mikono hii inayoshika usukani.

Mtaniuliza, kama ni hivyo kwa nini ulihama? Kwa sababu kruza nayo ina mipaka yake. Kona za Kettle Moraine, huko kaskazini magharibi mwa mji, zilikuwa zinasaga vikanyagio vya Rebel kwenye lami kabla sijafika nusu ya nilichotaka. CBR inalala na kuinuka bila kugusa chochote. Inasimama kwa haraka zaidi. Inanitaka niwe macho muda wote, nami baada ya wiki nzima ya kusinzia maktaba nahitaji kitu kinachonitaka niwe macho. Raha hiyo ni halali na sitaiombea radhi kwa mzee wa cherehani wala kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo, kwako dogo wa Kisumu na wenzako watatu, ushauri ni huu. Hamia spoti yenye nguvu inayokaribiana na uliyonayo: CBR500R, Ninja 400 au 500, Yamaha R3. Nunua yenye ABS. Ulizia bima KABLA ya kulipia pikipiki, maana kwa umri wetu bima ya zile kali inaweza kukupa ushauri mzuri kuliko mimi. Rudia kozi, hata kama leseni unayo. Msimu mzima wa kwanza jihesabu mwaka wa kwanza, usibebe abiria, usifuatane na wanaokimbia. Na kama unachotaka hasa ni mwendo, Road America iko Elkhart Lake, zaidi kidogo ya saa moja kutoka hapa, kilomita sita na nusu za lami tangu 1955, hakuna gari linalokata kushoto mbele yako na gari la wagonjwa linasubiri pembeni. Huko fungua mpaka mwisho.

R6 itakuwepo mwakani. Za mitumba haziishi.

Naomba kuwasilisha.